Maisha ya Ugenini na Habari za Kweli
Mazungumzo ya redio kwa familia zilizovuka mpaka na kwa viongozi wao

  

Leo tunazungumza juu ya maisha ya ugenini. Redio haiulizwi karatasi mpakani, inavuka yenyewe. Kwa hiyo tunajua kwamba wanaotusikiliza hawako Rutshuru, Masisi, Fizi na Uvira peke yake. Wengine wako Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, katika nchi ya Uganda. Wengine wako Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengine wako Burundi, ambako makumi ya maelfu ya watu wetu walivuka mto Rusizi mwezi wa pili wa mwaka 2025, na wengi wao wakapelekwa Musenyi. Nitatoa mifano mingi ya Uganda, kwa sababu ndiko Wakongo wengi walikokimbilia: mwaka 2023 nchi ile ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na karibu nusu milioni kati yao walitoka kwetu.

Neno langu la leo ni moja tu. Ugenini mtu huishi kwa habari kabla hajaishi kwa chakula. Ukipata habari ya kweli utajua pa kupata chakula, dawa, shule na ulinzi. Ukipata habari ya uongo utapoteza hata kile kidogo ulichobeba kichwani. Tena habari ya uongo inaweza kukugombanisha na jirani ambaye hajakukosea lolote.

SIKU ZA KWANZA

Tuanze na mambo madogo, maana ndiyo yanayomchanganya mgeni.

Ukitoka Rutshuru ukavuka Bunagana, ukafika kituo cha Nyakabande karibu na Kisoro, angalia saa yako. Saa ya Kivu iko nyuma kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, Uganda ni saa tatu, na Tanzania vilevile. Burundi na Rwanda wako sawa na sisi. Ukiitwa kwenye ofisi saa tatu nawe ukafuata saa ya Kivu, utafika wakati wenzako wamekwisha kusomwa majina. Halafu utasema, «Wametubagua.» Hapana, ndugu. Ni saa tu.

Angalia pia barabara. Kwetu magari hupita upande wa kuume. Uganda na Tanzania hupita upande wa kushoto. Mtoto aliyezoea kuangalia kushoto kwanza anapovuka, sasa afundishwe kuangalia kuume kwanza. Mfundishe siku ile ile ya kufika, kabla ya kumtuma maji.

Halafu kuna karatasi. Katika Uganda, kazi ya kuandikisha wakimbizi ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo watu wanaiita OPM. Shirika ambalo sisi tunaliita HCR, kule wanaliita UNHCR. Lile tunaloliita PAM, kule wanaliita WFP. Mashirika ni yale yale. Usije ukamwamini mtu anayekuambia kwamba HCR na UNHCR ni milango miwili, na kwamba yeye ana ufunguo wa mmoja.

Unapoandikishwa, taja watu wote wa nyumba yako kwa majina yao ya kweli na umri wao wa kweli. Mtoto wa marehemu ndugu yako unayemlea, mtaje kama alivyo. Wako wanaoongeza majina ili wapate mgao mkubwa, na wako wanaoficha jina la mke au la mtoto kwa sababu ya hofu. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi wote upya kwa alama za vidole na macho. Majina yasiyo na watu yalifutwa. Jina la uongo halidumu, lakini shida ya kulirekebisha hudumu miaka. Karatasi yako usiiweke rehani dukani, wala usimwazime mtu. Namba ya simu iliyoandikishwa kwa jina lako, usimpe mwingine aitumie: akitenda kosa kwa simu ile, wewe ndiwe utakayeulizwa.

SHERIA YA MWENYE NYUMBA

Wengi wanauliza: je, mkimbizi ana haki gani? Na mimi nauliza pamoja nanyi: je, ana wajibu gani? Haki na wajibu ni mabega mawili ya mtu mmoja.

Nchi za Afrika zilifanya mapatano yao juu ya wakimbizi tarehe 10 Septemba 1969, kule Addis Ababa, chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mapatano yale yanasema kwamba kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na la utu, na nchi aliyotoka isilihesabu kuwa uadui. Yanasema pia kwamba mkimbizi asirudishwe kwao kwa nguvu. Lakini yanasema vilevile kwamba mkimbizi ana wajibu wa kutii sheria za nchi iliyompokea, na asifanye vitendo vya kuharibu usalama wa nchi nyingine za Afrika, hata nchi yake mwenyewe.

Fikirini maana yake. Kijana anayekusanya michango kambini kwa ajili ya kundi lenye silaha, au anayewatafutia makamanda vijana wa kupigana, haleti ukombozi. Anaivunja paa iliyotufunika sote. Siku atakapokamatwa, mwenyeji hatasema, «Fulani amekosa.» Atasema, «Wakongo wamekosa.»

Sasa, sheria si moja kila mahali. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi na kutembea nchini, kwa mipaka iliyowekwa na sheria. Inamtaka pia alipe kodi akiwa na kazi ya kipato, na inamkataza kuingia katika siasa za pale. Lakini katika Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1998, mkimbizi hukaa kambini, na akitaka kutoka lazima apate kibali. Ndugu yako aliye Nakivale akikupigia simu na kukuambia, «Sisi tunakwenda mjini tunavyotaka,» hakudanganyi. Ila ukiifuata habari yake ukiwa Nyarugusu, utalala mahabusu. Habari ya kweli ya mahali pamoja inaweza kuwa ya uongo mahali pengine. Hata mfuko wa plastiki: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ile tangu tarehe 1 Juni 2019.

SHAMBA LA KUTUMIA, SI LA KUUZA

Katika makazi mengi ya Uganda familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Mara nyingi ni mita 30 kwa 30, na mahali penye watu wengi ni kidogo zaidi. Mkulima aliyeacha mashamba Masisi ataona hiki ni kiwanja cha kuku. Lakini wamama wengi wamekitoa mboga za mwaka mzima: lengalenga, ambayo kule wanaiita dodo, maharagi, na sombe kando ya nyumba.

Kumbuka jambo moja: ardhi ile umepewa uitumie. Kanuni za Uganda za mwaka 2010 zinakataza mkimbizi kuiuza au kuikodisha. Kwa hiyo mtu akikuambia, «Nipe shilingi kadha, nikuachie shamba langu, mimi naondoka,» anakuuzia kitu kisicho chake. Utalipa leo, na kesho ofisi itampa mwingine. Ndipo watu wawili wanasimama na majembe juu ya mstari mmoja, kila mmoja akiapa kwamba ana haki. Aliyekula fedha amekwisha kwenda.

Na ardhi nyingine inayozunguka makazi ina wenyewe. Ukitaka kulima kwa mwenyeji, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye Uganda wanamwita LC1, na mwenyekiti wa wakimbizi, wa baraza wanaloliita RWC, awepo. Andikeni: shamba ni lipi, kwa misimu mingapi, kwa bei gani, au kwa magunia mangapi ya mavuno. Wote watie sahihi au dole gumba, na kila mtu abaki na nakala yake.

Kuni nazo ni habari ya vita vidogo kila siku. Mwanamke wa kwetu anakwenda porini, anakata mti. Kumbe mti ule una mwenyewe aliyeupanda miaka kumi iliyopita. Anapigwa, wanaume wanakusanyika, na jioni inakuwa mambo ya makabila. Uliza kwanza: hapa watu wanatafuta kuni wapi? Na ukipata nafasi, panda miti yako mwenyewe. Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lile si la kulima tu. Ni la kushiriki pia kazi ya kutunza mahali.

SALAMU INAFUNGUA MLANGO

Kiswahili chetu kinatuunganisha na watu wengi, lakini maneno hayafanani kila mahali. Ukiomba «makala» Tanzania, watu watafikiri unataka maandishi ya gazeti. Wao husema makaa. «Kinga» yetu kwao ni baiskeli. Bugali wetu Uganda ni posho.

Na Uganda kuna jambo zito zaidi. Wako wazee wa kule ambao zamani walikisikia Kiswahili midomoni mwa askari wakati wa utawala wa kutisha. Mzee kama huyu akikukunjia uso unapomsemesha Kiswahili, usikimbilie kusema kwamba anakuchukia. Huenda anakumbuka kitu. Mambo yanabadilika: mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini moyo wa mzee haubadiliki kwa tangazo la serikali. Unabadilika kwa salamu.

Basi jifunze salamu za mahali. Nakivale, kwa Wanyankole, sema «Agandi». Ukisaidiwa sema «Webare». Ukiwa upande wa Kyaka II au Kyangwali, kwa Watooro na Wanyoro, utasikia watu wanaulizana jina la heshima linaloitwa empaako: Akiiki, Amooti, Atwooki, Abwoli, Adyeeri na mengine machache. Kumsalimu mtu kwa jina lile ni kumheshimu. Mwenyeji akikupa wewe nawe empaako, amekuingiza uani kwake. Pokea kwa mikono miwili.

Watoto wetu, walioanza kusoma kwa Kifaransa, wanakuta Kiingereza. Mtoto wa darasa la tano anaweza kurudishwa nyuma kwa ajili ya lugha, naye anaona haya. Mzazi, usimtoe shuleni. Atapoteza mwaka mmoja au miwili. Akikaa nyumbani atapoteza yote.

UVUMI UNAOUZA WATU

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe.

Kila kambi ina mtu anayenong'ona. Anakuja usiku, anakuambia kwamba kuna orodha ya kwenda Marekani au Kanada, na nafasi zimebaki mbili. Anataka dola mia, anataka picha za watoto wako, anasema usimwambie mtu. Ndugu yangu, kazi zote za UNHCR hazilipiwi, na nafasi ya kupelekwa nchi nyingine hainunuliwi. Tena mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata familia nyingi zilizokwisha kukubaliwa zilibaki zikingoja. Je, yule mnong'onaji ataufungua kwa dola zako mia mlango ambao serikali iliufunga?

Uvumi mwingine unahusu chakula. Mwaka 2023 WFP ilianza Uganda kugawa misaada kwa makundi, wenye shida zaidi kwanza, na mwaka 2025 ikapunguza tena kwa kukosa fedha. Njaa iliyokuja ni ya kweli. Lakini mara uvumi ulizaliwa: «Wamepunguziwa wa kabila letu,» «Wenyeji wamechukua sehemu yetu.» Mwenyeji naye analalamika kwamba wageni wanapewa vyote. Huyu na yule hawajui kwamba Uganda ina utaratibu wa kutaka sehemu 30 kwa mia ya msaada wa eneo iwafikie wenyeji, ndiyo sababu kliniki na shule zinatumika na pande zote mbili. Watu wanagombana kwa jambo ambalo lingemalizika kwa tangazo moja lililosomwa vizuri.

Tuchukue mfano, wala simsemi mtu. Mbuzi wa mwenyeji ameingia katika maharagi ya mama mkimbizi. Saa sita mchana habari ni hii: mbuzi amekula maharagi. Saa tisa, kisimani, habari imekuwa: wameanza kuingiza mbuzi mashambani. Jioni, kwenye pombe: wanataka kutufukuza. Usiku vijana wana fimbo. Mbuzi ni yule yule mmoja, na maharagi ni mistari miwili. Nani ameongeza? Kila mtu ameongeza kidogo.

Kwa hiyo, kabla ya kuibeba habari, iulize maswali manne. Nani ameiona kwa macho yake? Ilitokea lini, na wapi? Aliyeileta anapata faida gani nikiamini? Na je, inaweza kusemwa mchana, mbele ya watu wote? Habari ya kweli haiogopi jua. Ikishindwa swali moja, iache ilale. Usiipeleke kwa mwingine kwa mdomo wala kwa simu.

HABARI ZA NYUMBANI

Simu inalia usiku. Sauti inasema: kijiji kimechomwa, na waliochoma ni wa kabila fulani. Na wa kabila lile wako pale, nyumba ya tatu kutoka kwako, wanalala chini ya karatasi ileile ya plastiki. Utafanya nini?

Lia, ndugu. Waite wa kwenu mkalie msiba. Lakini usiwahukumu majirani kwa kosa lililofanywa na wengine mbali. Jirani yako hakuvuka mpaka kwa matembezi. Alikimbia bunduki kama wewe. Mara nyingi naye amepigiwa simu usiku ule ule, na analia upande wake wa ukuta. Wazee wa pande zote mbili wakutane asubuhi mapema, kabla ya soko kufunguliwa, waseme mbele ya watu: tumesikia, tunaomboleza, na hapa hakuna atakayelipiza.

Wewe unayetafuta mtoto au mzazi aliyepotea njiani, nenda kwa Msalaba Mwekundu. Wanatafuta watu na kupeleka ujumbe wa familia bila malipo. Na habari ya kurudi nyumbani usiipokee kwa mtu mmoja. Kurudi ni kwa hiari. Ulizia watu watatu waliopo kijijini sasa: je, njia ni salama? Je, nyumba ipo? Nani analima shamba langu, na atalitoa kwa amani?

NENO KWA VIONGOZI

Nanyi viongozi, wa wakimbizi na wa wenyeji, nisemeje? Uvumi huota mahali kiongozi aliponyamaza. Tangazo likifika, lisomwe siku ile ile, mahali palipojulikana, kwa lugha zote za watu wenu. Wako wasiojua kusoma. Karatasi iliyobandikwa ukutani kwao ni ukuta tu. Wamama wasomewe saa ambayo hawako kisimani.

Msiuze sahihi zenu. Mhuri unaolipiwa kwa siri huzaa habari ya siri. Ukiwa hujui jibu, sema, «Nitakwenda kuuliza, nitarudi kesho kutwa,» halafu urudi kweli. Na likitokea jambo la mbuzi na maharagi, nendeni wawili, wa wageni na wa wenyeji, mkatazame shamba kabla jua halijazama. Hesabuni mashina yaliyoliwa, mwenye mbuzi alipe kiasi hicho, na habari iishie pale.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kulala leo, kila mwenye nyumba atafute mambo matatu: jina la mwenyekiti wa kijiji anapoishi, mahali matangazo yanapobandikwa, na jina la mtu mwaminifu wa kumsomea kama yeye hajui kusoma. Awafundishe na watoto wake.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika mwezi uliopita, ni uvumi gani uliopita hapa kwetu? Ulianza kwa nani, na ulileta hasara gani?
2. Ni sheria gani ya mahali hapa ambayo wengi wetu hatukuijua tulipofika?
3. Wenyeji wanalalamika nini juu yetu? Katika malalamiko yao, ni lipi la kweli?
4. Nani atakayeteuliwa kusoma matangazo kwa wasiojua kusoma, na saa ngapi?

 Mbaki na amani, na amani mpelekee jirani.